Pampu moja, manahodha wengi

Mashirika yakivutana juu ya maji, mtoto ndiye huharisha

Mama mmoja kutoka kijiji kimoja cha bara ya Msambweni aliniletea mtoto wake wa miezi kumi na minne kwa mara ya tatu katika muda wa majuma saba. Mtoto alikuwa akiharisha. Macho yalikuwa yameingia ndani, mdomo mkavu, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilikawia kurudi mahali pake. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimemtibu na kumrudisha nyumbani, nikajiona nimefanya kazi yangu. Safari hii nikauliza swali ambalo sisi madaktari tulifundishwa kuliuliza, lakini foleni ikiwa ndefu huwa tunalisahau.

"Mama, siku hizi mnateka wapi maji?"

"Kisimani, daktari. Kile cha wazi, kule bondeni."

"Na pampu yenu?"

"Pampu imekufa tangu Ramadhani."

Ramadhani ilikuwa imepita miezi mitatu. Nilipata wasaa nikafuatilia jambo hilo, na niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii badala ya ile ya shinikizo la damu niliyokuwa nimekusudia. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa amemwambia chifu. Chifu alikuwa amepeleka habari kwenye afisi inayohusika na maji. Afisi ikasema pampu ile ililetwa na shirika fulani, basi shirika liulizwe. Shirika likajibu kwamba mradi ulikwisha na kila kitu kilikabidhiwa serikali. Bwana afya wa eneo alijua kwamba watoto wanaharisha, tena alikuwa na takwimu zake zimeandikwa vizuri, lakini pampu si kazi yake; kazi yake ni choo na dawa ya kutia kisimani. Kampuni moja ya karibu iliyokuwa ikisaidia vijiji ilisema kijiji hicho hakimo katika orodha yake.

Msomaji, angalia jambo moja hapo. Hakuna aliyesema uongo. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu sahihi, na mtoto akaendelea kuharisha. Kilichokuwa kimeharibika ni raba moja ya ndani ya pampu, ambayo bei yake haifiki gharama ya dawa nilizomwandikia mtoto yule kwa safari tatu.

Huenda wewe unakaa Tudor, Buruburu au Nakuru na maji yako yanatoka mferejini, siku yanapotoka. Usidhani haya hayakuhusu. Ukiwa katika kamati ya shule, bodi ya zahanati, chama cha kina mama, au kampuni inayotoa misaada vijijini, unaweza kuwa mmoja wa manahodha hao. Na waswahili walikwisha kusema manahodha wengi chombo huenda mrama.

Mahali ambapo jambo hili lilianza

Kwale ina historia ambayo wengi wetu hatuijui. Pampu za mkono utakazoziona ukitoka feri ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, kisha ukakata kuingia vijijini, asili yake ni mradi ulioanza mwaka 1983 katika sehemu za Diani na Msambweni. Ulikuwa ni wakati wa ule mwongo wa Umoja wa Mataifa wa maji safi, 1981 hadi 1990. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, pamoja na Benki ya Dunia walikuwa wakijaribu pampu za mkono katika nchi mbalimbali ili kujua ni ipi inayodumu na inayoweza kutengenezwa na wanakijiji wenyewe. Kwale ilikuwa mojawapo ya sehemu za majaribio. Wizara ya maji ilikuwa mwenye nyumba. Fedha nyingi za upanuzi baadaye zilitoka Sweden kupitia shirika lake la SIDA. Na kwa upande wa wananchi liliingia shirika la Kikenya, KWAHO, ambalo kazi yake ilikuwa kuzungumza na watu.

Hesabu mwenyewe: wizara, Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia, wafadhili wa Uropa, shirika la humu nchini, na kijiji. Wote hao kwenye shimo moja.

Mwanzoni lengo lilikuwa la kiufundi. Pampu za zamani za mabomba ya chuma zilikuwa zikiliwa na kutu kwa sababu maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za pwani ya kusini ni makali kwa chuma. Tena zilikuwa nzito; ili kubadilisha kitu kidogo ilibidi kung'oa bomba zima, na kwa hilo unahitaji gari, winchi na mafundi kutoka mjini. Katika majaribio hayo ya Kwale ndipo ilipokamilishwa pampu iitwayo Afridev, ambayo kichwa chake kilitokana na pampu ya Malawi. Mabomba yake ya ndani ni ya plastiki. Raba na pistoni vinaweza kuvutwa juu bila kung'oa bomba, na karibu kazi yote hufanywa kwa spana moja. Leo pampu hiyo imeenea katika nchi nyingi za Afrika na hata Asia. Watu wa Msambweni wana haki ya kujivunia hilo kama watu wa Lamu wanavyojivunia milango yao.

Lakini pampu inayoweza kutengenezwa na mwanakijiji inamtaka kwanza mwanakijiji aione ni yake. Hapo ndipo KWAHO ilipokuwa na kazi. Wahamasishaji wake walikaa na watu vijijini, kamati zikaundwa, akaunti za benki zikafunguliwa, na kina mama, ambao ndio wanaoteka maji, wakafundishwa kuangalia na kutengeneza pampu. Katika vijiji vya Kidigo, ambako watu wengi walidhani mwanamke hatashika spana mbele za watu, wanawake walishika spana. Na uwekaji hazina mara nyingi ulikabidhiwa wao.

Mwaka 1988 UNDP ilichapisha kijitabu juu ya mradi huo, na jina lake lilitaja mambo matatu: watu, pampu na mashirika. Mimi nashukuru kwamba walikumbuka kulitaja hilo la tatu. Vitabu vingi vya miradi hutaja watu na mashine, halafu mashirika hujificha nyuma ya pazia kana kwamba hayana hasira, wivu wala njaa.

Saa mbili ukutani

Nimehudhuria mikutano ya kutosha ya afya na maji kujua mvutano unatokea wapi. Watu hudhani ni chuki au ulaji. Upo ulaji, sikatai. Lakini mara nyingi ugomvi huanza kati ya watu wema wawili ambao kila mmoja anapimwa kwa kipimo tofauti.

Chukua mhandisi. Mashine ya kuchimba visima inakula fedha kila siku hata ikiwa imesimama. Mwisho wa mwaka ataulizwa: umechimba visima vingapi? Sasa mchukue mhamasishaji. Yeye anahitaji majuma mengi ya kukaa chini ya mwembe, kusikiliza nani amegombana na nani, kisima kiwekwe kwa ukoo upi, nani aaminiwe na pesa. Mwisho wa mwaka ataulizwa: kamati ngapi zinafanya kazi? Mhandisi akimsubiri mhamasishaji, anafeli. Mhamasishaji akimkimbilia mhandisi, anafeli. Ukiwaweka wawili hao katika gari moja bila kwanza kukubaliana juu ya saa, watagombana, hata wangekuwa wamezaliwa tumbo moja.

Kisha kuna marupurupu. Shirika moja linampa mfanyakazi wake posho ya siku mara tatu ya ile anayopata afisa wa serikali aliyeketi naye kwenye kiti kimoja cha gari. Halafu tunashangaa kwa nini afisa wa serikali hafiki mkutanoni. Hili ni jambo dogo la aibu ambalo hakuna anayelitia katika ajenda, na limeua miradi mingi kuliko ukosefu wa saruji.

Na kuna kibao. Ukitaka kujua ni mashirika mangapi yamepita katika kijiji, usiulize. Hesabu vibao vya rangi. Kila kibao kinasema nani alileta. Sijaona hata kimoja kinachosema nani aitwe pampu ikiharibika.

Sisi wa hospitali tusiwacheke. Mgonjwa wa kisukari anayeonwa na madaktari wawili, huyu wa macho na huyu wa figo, anaweza kukosa dawa yake ya sukari kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake ameiandika. Nimeona hivyo, na mmoja wa madaktari hao nilikuwa mimi.

Wafadhili walipoondoka

Fedha za Sweden ziliendelea hadi miaka ya 1990, kisha zikaisha, kama fedha zote za namna hiyo zinavyoisha. Pampu hazikufa siku ile. Nyingine zinafanya kazi hadi leo, zaidi ya miaka thelathini baadaye, na kwa mashine inayopigwa kutoka alfajiri hadi Magharibi hilo si jambo dogo. Lakini vijiji vingine vilichoka kuchanga. Mweka hazina aliolewa akahama. Mwenyekiti alikufa. Mahali ambapo maji yalikuwa na chumvi au ladha ya chuma, watu hawakuona sababu ya kuyalipia.

Mwaka 2013 ugatuzi ulipoanza, huduma za afya na za maji zilihamia kaunti. Kwa hiyo bwana afya na mhandisi wa maji sasa wanakula kwenye sinia moja, na mtu angetarajia mambo yangekuwa mepesi. Yamekuwa mepesi kiasi. Hata hivyo idara mbili katika jengo moja zinaweza kuwa mbali kuliko Kwale na Stockholm.

Karibu na wakati huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuja na wazo la ajabu. Walitia ndani ya mkono wa pampu kifaa kidogo kinachohesabu jinsi mkono unavyopanda na kushuka, halafu kinapeleka habari kwa mtandao wa simu. Mkono ukikaa kimya siku nzima, fundi anajua. Walilijaribu kwanza Kyuso, kaunti ya Kitui, ambako pampu iliyoharibika ilikuwa ikikaa siku 27 kwa wastani kabla ya kutengenezwa. Muda huo ulishuka hadi chini ya siku 3. Kisha mamia ya pampu za Kwale yakatiwa vifaa hivyo, na ikaanzishwa kampuni ya mafundi wa hapa, FundiFix, inayofanya mkataba na kijiji: nyinyi mnalipa kidogo kila mwezi, sisi pampu ikifa tunafika na kuitengeneza ndani ya siku 3.

Wengi walisifu kile kifaa. Mimi kilichonivutia ni mkataba, maana ndani yake kuna jina la wa kupigiwa simu na idadi ya siku. Michango ya kijiji peke yake haitoshi kulipa gharama yote, na waliobuni mpango huo walilikubali hilo wazi, wakaunda mfuko wa amana wa kujaza pengo. Huo ni ukweli ambao mashirika mengi huuficha hadi siku ya kufunga mradi.

Wakubwa wanapogombea maji ya chini

Kuna ugomvi mwingine, mkubwa kuliko wa raba. Katika eneo hilohilo la Msambweni walikuja wateja wakubwa wa maji. Base Titanium ilijenga mgodi wake wa madini ya mchanga ikaanza kuyasafirisha mwaka 2014. Ilitumia maji ya bwawa kwenye mto Mukurumudzi na visima virefu. KISCOL ilifufua kilimo cha miwa katika nchi ya Ramisi, ambako kiwanda cha zamani kilikuwa kimefungwa tangu 1988. Hoteli za Diani nazo zina visima vyao. Mwanakijiji akiona maji ya pampu yake yanapungua, atamlaumu nani? Atamlaumu mkubwa aliye karibu. Na mkubwa atasema ni ukame. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli au wote wanaweza kuwa wanakosea, maana maji ya chini ya ardhi hayaonekani kwa macho.

Mwaka 2015 ulianza utafiti uliowaleta pamoja Oxford, Chuo Kikuu cha Nairobi, wataalamu wa Barcelona, kampuni ya Kikenya ya Rural Focus, serikali ya kaunti, mamlaka ya rasilimali za maji, na pia hao hao Base Titanium na KISCOL. Jambo walilofanya la maana kwa mada yetu ni kupima maji pamoja na kuweka vipimo mahali pamoja: kina cha visima, mvua, chumvi. Haikumaliza manung'uniko, na isingetarajiwa kuyamaliza. Lakini watu wanaobishana huku wanatazama karatasi moja hubishana vizuri zaidi kuliko kila mtu akiwa na karatasi yake mfukoni. Mgodi ulimaliza uchimbaji Desemba 2024, na swali la nani ataendelea kupima, kwa fedha ya nani, ni la kuulizwa sasa kabla vifaa havijaota kutu.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa kichocho. Msambweni imechunguzwa kwa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na watoto kukojoa damu kulikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wazazi wengine hawakulihesabu kuwa ugonjwa. Katika mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo na kichocho, wizara mbili zilikubaliana: afya inaleta dawa na utaalamu, elimu inatoa walimu, na mwalimu ndiye anayempa mtoto kidonge. Kila mtu alijua mstari wake, na dawa zikawafikia watoto kwa mamilioni. Kasoro yake inajulikana pia. Mtoto akimeza kidonge asubuhi na jioni akaoga katika bwawa lilelile lenye konokono wa kichocho, atarudi tena. Wa tatu, yaani mwenye maji, hakuwa mezani.

Kabla pampu haijatengenezwa

Mama aliye na mtoto anayeharisha hawezi kungoja mkutano. Mpe mtoto maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati. Ukiyakosa, tengeneza: lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko kila anapoharisha, na kama ananyonya aendelee kunyonya. Omba vidonge vya zinki kliniki: miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, na nusu ya kiasi hicho kwa aliye chini ya miezi sita. Mkimbize hospitali akiwa hawezi kunywa, analegea, anatapika kila kitu, ana degedege, au kuna damu katika kinyesi. Maji ya kisima cha wazi yachemshe au yatie dawa ya klorini kwa kufuata maandishi ya chupa, na mtungi wa kunywea uwe na kifuniko na kata yake.

Ukialikwa mezani

Sasa nikuambie wewe ambaye huenda wiki ijayo utakaa katika kikao cha mashirika matatu au manne. Wageni watatoa salamu, wataonyesha picha, na watu watakubaliana kwamba ushirikiano ni mzuri. Wewe inua mkono uulize: siku kitu hiki kitakapoharibika, saa mbili asubuhi, mama wa kijijini ampigie nani? Kama jibu ni jina la afisi, uliza jina la mtu. Kama jibu ni jina la mtu, uliza akihamishwa itakuwaje. Utaonekana mtu wa fujo. Vumilia.

Uliza pia kila mmoja anapimwa kwa nini na wakubwa wake. Waache wataje wenyewe: huyu visima, huyu kamati, huyu ripoti ya robo mwaka, huyu kura. Ugomvi mwingi hupoa mtu akitambua kwamba mwenzake hamwonei, bali anakimbizwa na saa nyingine. Posho zijadiliwe kabla ya safari ya kwanza. Na mkigombana, kama mtakavyogombana, lipelekeni jambo kwa mtu mliyemchagua mapema mlipokuwa bado mnacheka. Ukimtafuta msuluhishi baada ya ugomvi, kila upande utamwona ni wa upande wa pili.

Katika kile kijiji cha mama yule hatukufanya jambo kubwa. Bwana afya aliitisha kikao chini ya mwembe, akaja fundi wa maji, chifu, wazee, mtu wa shirika na kina mama wengi. Mzee mmoja alitaka kwanza wajue nani wa kulaumiwa. Mama mmoja wa makamo akamwambia, "Baba, samahani, lawama tutaila jioni. Sasa hivi twataka raba." Raba ilinunuliwa kwa mchango wa siku ileile. Kisha likaandikwa karatasi lenye majina manne na nambari za simu: nani atengeneze, nani alipe ikizidi uwezo wa kijiji, nani apime maji, na nani apelekewe habari watoto wawili wakiharisha katika nyumba za jirani. Likabandikwa dukani, karibu na mizani.

Mtoto hajarudi kwangu kwa kuharisha tangu wakati huo. Amekuja mara moja kwa kikohozi na mara nyingine kwa chanjo. Mwezi uliopita nilipita pale dukani kununua soda nikalitazama lile karatasi. Lilikuwa bado lipo, limeingia mafuta kidogo. Jina la tatu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Mwenye duka akanieleza kwamba yule afisa amehamishwa Kinango, na wa badala yake hawajamjua. Nikamwomba nambari ya mwenyekiti wa kamati, nikampigia nikiwa pale pale.